Mkaguzi Atazaa, Nawe Utapanda Basi

Editha mwanangu,

Kati ya Bukiriro na Nyakanazi hakuna mwenye gari asiyenijua. Hata madereva wa kutoka Burundi, wale ambao Kiswahili chao kinaishia kwenye "habari", wakishuka pale Nyakanazi kunywa chai huuliza kwanza kama nimepita. Wakiambiwa sijapita, wanakunywa wakiwa wamesimama. Kuna kiongozi mmoja mkubwa, simtaji, aliwahi kusimamisha msafara wake wote ili anipe mkono. Mimi nilikuwa na mkungu wa ndizi kichwani, nikamwambia aende tu, tutaonana nikipata nafasi. Sasa mtu wa namna hiyo, mwanangu, unamwambia mbele ya jirani kwamba hawezi kuachiwa paka?

Marahaba. Najua ukiifungua barua hii utaanza na shikamoo hata kama bado umevimba, kwa hiyo naitikia mapema.

Umekwenda Murukulazo kumuaga bibi yako, nami nimebaki na nyumba, na begi lako lililofungwa nusu, na paka wako Mkaguzi mwenye tumbo kama debe. Tangu ulipopotelea kule kwenye migomba nimefanya mengi, na sasa nimekaa mezani. Nasema nimekaa, lakini hili neno "migomba" nimeliandika baada ya kuinuka mara mbili. Mkaguzi hatulii. Anaingia jikoni, anatoka, anakuja kunusa mguu wa meza, anakwenda stoo, anakwaruza mlango, nikimfungulia haingii. Akitembea natembea. Akilala na mimi nakaa, halafu nikikaa tu, anaamka. Sijui nani kati yetu ndiye mwenye mimba.

Naandika kwa sababu tukisema tunagombana. Kwenye karatasi huwezi kunikata kauli, na mimi siwezi kupaza sauti.

Nianze na la asubuhi, maana linaniwasha. Lile boksi nililitengeneza kwa mikono yangu. Ni boksi la sabuni, gumu, nimelikatia mlango wa kumtosha yeye asiingie mbwa. Nikatandika gunia chini, nikakunja pembe vizuri kama kitanda cha hospitali. Nikakuita uje uone. Mama Respi naye alikuwa amefuata jembe lake, nikamwambia asiondoke, aje aone kazi ya mtu aliyetembea. Wewe ukainama, ukashika gunia, ukalinusa.

"Baba mdogo, hili gunia ni la mahindi?"

"Ni gunia safi. Nimelikung'uta."

"La mahindi tuliyoyatia dawa ya dumuzi?"

Nikasema dawa imeshaisha nguvu. Mungu anisamehe, sijui hata nguvu ya dawa inapimwa na nini.

"Baba mdogo, paka anajilamba. Akilalia dawa atailamba. Watoto wakizaliwa na manyoya mabichi dawa itawaganda, naye atawalamba wao. Utawaua wote kabla hawajafungua macho."

Ukalivuta gunia ukalitupa uani. Na Mama Respi, yule mwanamke asiyejua wakati wa kucheka na wakati wa kuheshimu wanaume, akajishika kiuno: "Mawe, mama yangu! Mzee, ulitaka kuwahifadhi watoto wa paka mpaka msimu ujao wasiingiwe na wadudu?"

Hapo ndipo ulipolisema lile neno. Hukulia, hukupiga kelele. Ulijifuta mikono kwenye kitenge ukasema, "Siendi. Siendi mpaka Mkaguzi azae na nione wamenyonya." Ukachukua mwavuli ukaondoka kwenda kwa bibi yako, mtu anayeaga huku anasema haendi.

Editha, basi la kesho ndilo hilo. Chuo hakijui habari za paka. Kule Tabora wanataka uripoti siku waliyoiandika, na anayechelewa nafasi yake inachukuliwa na mtoto wa mtu mwingine ambaye wakati huu baba yake mdogo anamwombea uchelewe. Msichana wa kwanza kijijini hapa kwenda kusomea umeme, halafu abaki kwa sababu ya paka? Watu watasema ni mimi niliyekuzuia. Na watakuwa hawajakosea sana, maana ungeniamini ungekuwa umeshafunga begi.

Ngoja. Ameruka dirishani.

Alimfuata mjusi tu. Amerudi. Amenikodolea macho kama anayeniuliza nimefikia wapi.

Najua kwa nini huniamini, na gunia ni kipande tu. Uzao wake wa kwanza unajua ulivyoisha. Ulikuwa kwenye mtihani. Mimi nikamweka kwenye jiko la nje, chini kabisa, karibu na mafiga, nikisema joto litawafaa. Mvua ikanyesha siku nzima kama hii ya leo, na mvua ikinyesha hivyo siafu wanahama. Hawakupita mlangoni kama wageni, walipita ukutani. Uliporudi ukakuta mama paka anazunguka juu ya paa analia, na kule chini hukuniruhusu hata kueleza. Ulichukua jembe ukafukia peke yako. Hukunilaumu kwa mdomo. Ningependa ungenilaumu, ningejibu kitu, maana kujibu ndiyo kazi ninayoiweza.

Kwa hiyo nikueleze nilichofanya tangu umeondoka, siyo nitakachofanya.

Boksi sasa liko chumbani kwangu, juu ya ile meza fupi ya redio. Redio imeshuka chini. Miguu minne ya meza nimeisimamisha kwenye makopo, na makopo nimeyatia maji yenye mafuta ya taa kidogo juu yake. Kuzunguka makopo nimemwaga majivu. Siafu akija atapita kwanza jivuni, akivuka atakutana na mafuta ya taa, na akivuka mafuta ya taa basi huyo si siafu, ni mwanajeshi, nitampisha. Meza nimeisogeza mbali na ukuta, mkono mzima unapita. Paka mwenyewe anaruka kutoka kitandani kwangu, ni hatua moja fupi, hata akiwa mzito.

Chakula anakula kidogo kidogo kama ulivyosema, siyo sahani moja ya asubuhi kama ya mfungwa. Dagaa nimewachemsha bila chumvi, nimetoa vichwa ingawa yeye vichwa ndivyo anavyovipenda. Maji yapo. Ile dawa yetu ya minyoo niliyotaka kumpa wiki iliyopita, niliyosema kama inamfaa mtu itamfaa na paka, nimeirudisha kwenye mkebe wake na mkebe nimeupandisha juu ya kabati. Na nimetembea nyumba kwa nyumba kuwaomba wasitege sumu ya panya mpaka Mkaguzi atakapokuwa amemaliza kunyonyesha. Watu wamekubali upesi kuliko nilivyotegemea. Unajua ni kwa nini? Karibu kila niliyemwomba ameshaweka oda ya mtoto mmoja. Panya wamewamalizia maharage mwaka huu. Mpishi wa mapadri amesema anataka jike. Mwalimu mkuu amesema lolote, ilimradi lina meno.

Na nimewaambia wote sheria ya nyumba hii: mtoto hatoki mpaka awe anakula dagaa mwenyewe, na anatoka ndani ya gunia amefunikwa macho, asijue njia ya kurudi. Gunia lisilo na dawa, nimelisema hilo kwa sauti kubwa ili Mama Respi asikie kule kwake.

Ndivyo hata Mkaguzi alivyokuja, unakumbuka? Kutoka Biharamulo, ndani ya gunia, juu ya mapaja yangu. Abiria wenzangu waliuliza nimebeba nini, nikawaambia ni mtoto wa chui ninayempeleka serikalini. Viti viwili vikabaki wazi mpaka Lusahunga.

Unacheka? Cheka. Ile habari ya chui mwenyewe hukuwahi kuiamini. Nilipokuwa utingo, lori likatuharibikia porini, na chui akaja kuzalia chini ya trela letu. Nikamshikia tochi mpaka mtoto wa mwisho. Alipomaliza akanilamba mkono. Nilipokuhadithia ulikuwa unamenya viazi, hukuinua hata kichwa.

"Mwaka jana alikuwa simba, baba mdogo."

"Simba ilikuwa safari nyingine."

"Na huyo simba naye alizaa?"

"Alikuwa dume, angezaaje?"

Ukacheka mpaka kiazi kikaanguka. Hapo nilikuwa sijali kama unaamini au la. Marehemu kaka yangu aliponiachia wewe, ulikuwa mtoto usiyecheka, na mimi sikuwa na kitu kingine cha kukupa. Wenzangu walikuwa na ng'ombe. Mimi nilikuwa na chui wa kwenye trela.

Lakini kuna habari moja ya utingo sijawahi kukuhadithia, kwa sababu haina mnyama. Wiki yangu ya kwanza kazini, dereva aliniuliza kama najua kufunga tairi la akiba. Nikasema najua. Sikuwahi hata kuligusa. Nikazungusha mnyororo nilivyoona inapendeza, tukaondoka. Kwenye mteremko wa kuingia Biharamulo tairi likachomoka. Lilitupita, Editha. Niliona tairi letu linatupita upande wa kushoto, nikajisemea, kuna lori lina matatizo leo. Likaingia kwenye uwanja wa watu waliokuwa wanapiga maharage, likapita katikati ya mama na ungo wake, likalala kwenye ukuta wa choo. Hakuna aliyeumia. Dereva hakunipiga. Alikaa kwenye jiwe, akaniuliza taratibu, "Kwa nini hukuuliza?"

Nadhani niliona kwamba mtu akiuliza, wote watajua kuwa hajui. Kumbe wote walikuwa wanajua. Utingo wa wiki moja atajua nini?

Wewe unakwenda kwenye umeme. Watakuwekea mbele waya na vyombo ambavyo wavulana wa mjini wamevichezea tangu utotoni, na mwalimu atauliza, nani hajawahi kushika hiki? Utatazama huku na huku. Utaona mikono yote iko chini. Unyooshe wa kwako. Mimi niliposema najua wakati sijui, nilipoteza tairi na tukalirudisha. Umeme haurudishi.

Sikuhubirii. Nimeinuka tena, nimekwenda kuangalia, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Editha, hayupo.

Naandika huku nimesimama. Kwenye boksi hayupo, chini ya kitanda hayupo, stoo nimemulika mpaka nyuma ya debe la unga. Mvua imeanza tena. Nimemwita kwa jina, nimemwita kwa mlio wa midomo, nimegonga sahani ya dagaa mpaka kuku wamekuja. Nakuja kuendelea.

Nimempata.

Yuko kwenye begi lako. Lile ulilofunga nusu. Ameingia kwa pale zipu ilipoishia, amepasua njia katikati ya nguo zako za chuo, ameviringika juu ya lile sweta la shule la kijani, lenye tundu kwenye kiwiko. Nilipoingiza mkono kumtoa alinitazama tu. Hakukwaruza. Alikuwa anapumua upesi upesi na kulikanda sweta kwa miguu ya mbele, kama mwanamke anayekanda maandazi.

Nilikaa kitandani kwako. Nimetengeneza boksi, nimetengeneza meza, makopo, majivu, nimeshusha redio, na yeye ametafuta nyumba nzima siku nzima, kumbe hakuwa anatafuta mahali. Alikuwa anakutafuta wewe, na kipande chako kilichobaki ni hicho.

Kwa hiyo sweta usilitafute. Nimelichukua. Nimelibeba hivyo hivyo yeye akiwa juu yake, kama mgonjwa kwenye machela, nimeliweka ndani ya boksi pamoja naye. Kule Tabora ni joto, sweta la nini? Amezunguka mara moja, akanusa pembe zote, akalala. Ni mara ya kwanza tangu asubuhi naona macho yake yamefumba. Hata mimi nimepumua. Nguo zako nyingine nimezikung'uta manyoya, na safari hii nimekung'uta kweli, siyo kama gunia.

Sasa naandika sehemu iliyo ngumu, na naomba usiisome ukiwa umesimama.

Alipolala, nilivaa viatu nikaenda kwa Mama Respi. Ndiyo. Mimi. Tangu mbuzi wake waingie kwenye maharage yangu sijakanyaga uani kwake, na leo asubuhi alinicheka mbele yako. Nilifika nikabisha hodi, akatoka na mwiko mkononi, akanitazama kuanzia kofia mpaka matope.

"Mbuzi wangu wamefungwa," akasema.

"Sikuja kwa mbuzi."

"Jembe nimeshachukua."

"Sikuja kwa jembe. Mama Respi, paka akizaa mtu anafanya nini?"

Alivuta pumzi, nikajua ni ya kucheka, na kweli alicheka. Alicheka mpaka akamwita Respi atoke ndani aje kusikia, akanifanya nirudie. Nikarudia. Halafu akafuta macho, akanivutia kigoda, tukakaa barazani.

"Mtu hafanyi kitu," akasema. "Anakaa mbali. Haendi kuchungulia na tochi kila saa. Hamshiki mtoto, havuti mtoto. Mama mwenyewe atakata kitovu, atakula kondo la nyuma, usimzuie na usitapike. Majirani wasije kutazama, mama akiona macho mengi atawabeba kwa shingo awahamishe, na huko atakakowapeleka utakuta siafu. Akisukuma muda mrefu na hakuna kinachotoka, hapo ndipo unamwita bwana mifugo, siyo kabla. Lile dume jeusi linalozunguka, lifungie nje. Na wewe, mzee, unafunga mdomo. Hiyo ndiyo kazi kubwa. Paka hataki hadithi."

"Hata fupi?"

"Hata fupi."

Nikamwambia nimeelewa. Akaniambia nirudie niliyoyaelewa. Nikarudia kama mtoto wa darasa la kwanza, na nilipokosea la dume akanirudisha mwanzo. Wakati nasimama akasema kitu ambacho nakiandika kama kilivyo, maana ni chako: "Mwambie Editha aende. Paka wake hatazalia mikononi mwako peke yako."

Sasa pima mwenyewe. Nilikuwa na mpango wa kukuandikia barua ya kukuonyesha kwamba mimi naweza. Nimejaza kurasa, nimekuletea madereva na chui, na nikisoma nyuma naona hakuna hata kimoja kitakachokupandisha kwenye basi. Labda hiki kitakupandisha: boksi lina sweta lako, meza iko kwenye maji, dagaa wamechemshwa, dume litafungiwa nje, na nyumba ya pili kuna mtu ambaye nimekwenda kumwomba kwa miguu yangu, mchana, watu wakiona.

Ukifika Nyakanazi usiwasikilize wapiga debe wanaovuta mabegi, subiri basi la Kahama ndani ya ofisi yao. Watu wakikuuliza wewe ni wa nani, waambie. Wasiponijua, usihangaike kuwaeleza.

Mkaguzi akizaa nitakupigia simu, nitakuambia ni wangapi na wa rangi gani, na nitajitahidi kutaja idadi ile ile niliyoiona. Au tuseme idadi atakayoiona Mama Respi. Maana kuna kitu kimebaki, na nilimwambia yeye pale barazani kwa sauti ya chini wakati Respi ameingia ndani, na sasa nakuambia wewe. Nimemwomba siku hiyo asikae kwake. Nimemwomba aje akae chumbani na paka, na Respi akae nje na mimi, ukumbini, na kikombe cha maji. Siyo kwamba nina shughuli. Mimi, Editha, baba yako mdogo, nikiona damu, hata iwe tone moja la kwenye kidole changu mwenyewe, nazimia.